Ukoko wa Meja Harlow

Mtu mmoja alikuwa na kikosi cha askari katika jeshi la Uingereza, naye aliitwa Meja Harlow. Kikosi hicho kilikuwa na desturi yake: ofisa hagusi kijiko mpaka askari wa mwisho amekula. Mara nyingi sufuria ilimfikia ikiwa na ukoko tu. Aliukwangua, akala, akashukuru. Ndiyo maana askari walimfuata hata pale ambapo mtu mwenye akili zake angerudi nyuma.

Vita vilipopamba moto alivunjika mguu. Hakukubali kukaa kitako nyumbani. Watu wa mji wake wakamchagua kuwa mbunge, akaingia bungeni akichechemea, sare bado mwilini.

Humo bungeni kulikuwa na chumba cha kulia, meza zimetandikwa vitambaa vyeupe. Siku ya kwanza alikaa mbele ya sahani ya nyama akingoja kwanza wahudumu wapate kula. Wenzake wakamcheka, wakamuuliza kama anangoja tarumbeta ya kambini. Akaona haya, akala. Siku ya pili hakungoja. Baadaye hata ile haya ikamtoka.

Ukaja mswada wa kupunguza mgawo wa mkate wa raia. Wakubwa wa serikali wakamwomba autetee, kwa kuwa watu walimwamini, wakamwahidi uwaziri. Akakubali. Lakini kwanza alikwenda mjini kwake kuwaandaa watu wake, akakuta foleni ndefu mbele ya duka la mkate. Mwisho kabisa alisimama Bi Edith na wanawe, mjane wa sajini wake aliyeuawa vitani. Mama yule alimtambua. Alimtazama mashavu yalivyonawiri, kisha akajisogeza pembeni na kumpisha.

"Pita mbele, Meja," alisema. "Siku hizi tunaokula mwisho ni sisi."

Meja hakupita. Alirudi bungeni, akasimama kwa mguu ule mbovu, akasema mkate wa raia usiguswe kabla ya nyama ya chumba kile cha kulia kuguswa. Wakamzomea. Rafiki yake akamvuta koti, akamnong'oneza aukumbuke uwaziri. Hakuketi mpaka amemaliza. Kura zikapigwa, akashindwa. Mgawo ukapunguzwa, na uwaziri akapewa mwingine.

Tangu hapo chumba cha vitambaa vyeupe hakikumwona tena. Alikwenda kwenye foleni, akasimama nyuma ya Bi Edith. Mama akageuka, akamwona, akasogea mbele kumpa nafasi. Zamu ya Meja ilipofika, kilibaki kipande kimoja kigumu. Akala, akashukuru. Kesho yake akarudi bungeni na hoja ile ile, na kesho kutwa tena.

Nawe uliyeshika upawa leo, ni nani aliye nyuma yako ambaye bado hajala?