Nyamizi Alale Nyumba ya Nani?

Kaeni mnisikilize, maana nikimaliza nitawaachia ninyi kazi ya kuhukumu.

Walikuwepo watu watatu wasiopatana hata kwa salamu. Kalunde alijaliwa kusema bila kumwogopa mtu. Milembe akishika jambo, haliachi. Mihayo, ndugu yake Kalunde, alikuwa wakili mjini, na sheria aliijua. Kilichowaunganisha ni binti mmoja, Nyamizi, ambaye mama yake alikuwa amekufa. Marehemu alikuwa mdogo wao Kalunde na Mihayo.

Kalunde alimchukia Milembe kwa kuolewa na mgane wa mdogo wake kabla matanga hayajaisha. Milembe alimchukia Kalunde kwa kumwita mchawi sokoni. Wote wawili walimchukia Mihayo, kwa kuwa hakuja kumzika dada yake.

Siku moja Lugendo, baba yake Nyamizi, aliamua kumwoza binti huyo kwa mnunuzi wa tumbaku. Nyamizi alikuwa bado darasa la sita.

Katika nchi hiyo mahakama zilipangwa kama ngazi. Chini kulikuwa na Mahakama ya Mwanzo, juu yake ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Anayeshindwa chini hukata rufaa juu, na huko juu husomwa yale yaliyoandikwa chini.

Kalunde alikwenda Mahakama ya Mwanzo. Alisimama mbele ya hakimu na wazee wawili wa baraza, akaomba Nyamizi asiozwe na aondolewe kwa baba yake, akaeleza yote. Kila hakimu alipoweka kalamu chini, Kalunde alinyamaza.

"Endelea, mama," hakimu alisema.

"Nitaendelea ukiandika, mheshimiwa."

Hakimu aliandika huku amenuna. Mwisho alisema mtoto ni wa baba yake. Jioni hiyo ndugu za Lugendo walimvizia Kalunde njiani, wakampiga hadi wakamvunja mguu.

Muda wa kukata rufaa ulikuwa unakwisha na Kalunde hawezi kutembea. Basi Milembe, mke wa Lugendo mwenyewe, akaingia kwake na karatasi.

"Sijaja kukujulia hali," alisema. "Weka dole gumba hapa, nikusimamie wilayani."

"Unanitega."

"Ningetaka kukutega ningekaa nyumbani. Weka."

Kalunde aliweka dole bila kumtazama. Milembe alikwenda Mahakama ya Wilaya, akafukuzwa na karani, akarudi, akafukuzwa tena, akarudi, mpaka shauri likasikilizwa. Hakimu wa wilaya alisoma maneno ya Kalunde, akautengua uamuzi wa chini. Milembe aliporudi alikuta nguo zake zimetupwa barabarani, na Lugendo akampa talaka mbele ya majirani.

Lugendo hakukubali. Alikwenda Mahakama Kuu na wakili mwenye jina kubwa, na wanawake wale wawili hawakuelewa hata nusu ya hoja zake. Hapo Mihayo akatokea. Mnunuzi wa tumbaku alikuwa mteja wake mkubwa, na alikuwa amemwonya asiguse shauri hilo. Mihayo alilishika, mteja akamwacha, na mawakili wenzake wakamfukuza ofisini.

"Leo umepata nauli?" Kalunde alimuuliza mlangoni. "Kwenye mazishi ulikosa."

Mihayo alimpita, akaingia. Ndani alizivunja hoja za yule wakili moja baada ya nyingine.

Jaji aliitupa rufaa ya Lugendo. Kisha akasema, "Mtoto atakaa na mmoja wenu watatu. Kubalianeni leo. Mkishindwa, nitampeleka kwenye makao ya watoto."

Ukumbini walianza kurushiana maneno.

"Bila mimi kusema, jaji angesoma nini?" alisema Kalunde.

"Maneno yako yangeozea kule chini," alisema Milembe. "Nani aliyeyapandisha?"

"Na hapa juu mngeshindwa nyote," alisema Mihayo. "Hamkujua hata mnajibu nini."

Askari alilazimika kuwatenganisha. Jaji alimwita Nyamizi peke yake, akamuuliza anataka kwenda kwa nani.

"Sitamtaja mtu," alisema Nyamizi. "Nikimtaja mmoja, wawili watanichukia kama wanavyochukiana wao."

Jaji alivua miwani.

Mmoja alivunjwa mguu, mmoja alivunjiwa ndoa, mmoja alipoteza kazi. Ungelikuwa wewe kwenye kiti kile, na binti amesimama mbele yako, ungempa nani?