Maiti Asiye na Mama

Maiti asiye na mama hatishi.

Ndivyo Bi Fidea alivyomwambia mwenyekiti wa kijiji leo mkutanoni, pale mwenyekiti aliposoma kwamba daraja bovu "limesababisha vifo kadhaa", kisha akafunua ukurasa wa pili kama mtu anayesoma bei ya sukari. Mmemwona alivyokwama. Nanyi vijana mkacheka, halafu mkanifuata hadi hapa kuuliza maiti na mama vimeingiaje kwenye habari ya daraja. Haya, kaeni. Msidhani imetoka kwa wale wahenga mnaowasingizia kila neno huko shuleni. Methali hii ilizaliwa kiwandani, kwenye moshi wa korosho, na waliokuwapo wengine bado wanakula ugali wao. Ilianza hivi.

Palikuwa na kiwanda kidogo cha kubangua korosho huku kwetu kusini, ambacho sasa kimebaki kuta. Wanawake walikaa ukumbini kwa safu, kila mmoja na jiwe lake na kinyundo chake cha mti. Korosho iliyochomwa huwekwa juu ya jiwe, hugongwa ubavuni, ganda hupasuka na punje hutoka nzima. Mikono walipaka majivu ili utomvu wa ganda usiwaunguze. Walilipwa kwa kilo, kwa hiyo mkono uliosimama ulikuwa unajiibia wenyewe. Ko, ko, ko, tangu asubuhi hadi jioni. Wageni waliziba masikio. Wenyewe hawakuusikia tena mlio ule.

Mfaume Likanga alikuwa mchomaji, kazi yake ni tanuri. Alikuwa kapera, mpole, mwenye nyusi zilizoungua nusu, na mapenzi yake yote aliyaweka kwenye hadithi za upelelezi. Redio ya ukumbini ilipoharibika, aliomba ruhusa awasomee wabanguaji hadithi yake mwenyewe, sehemu moja kila Ijumaa kabla ya chakula. Aliiita "Bastola Haina Rafiki". Siku ya kwanza alipopanda juu ya kreti na kusikia sauti yake ikienda mpaka ukuta wa mwisho, alijiona amezaliwa upya. Wiki nzima aliishi akiisubiri Ijumaa.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya Inspekta Radi, aliyekuwa akimsaka jambazi mmoja aitwaye Mzee Kitambi. Watu walikufa humo kama kumbikumbi. Walikufa kwa risasi, kwa sumu, kwa kusukumwa ghorofani, na mmoja alikufa kwa kuangukiwa na helikopta. Mfaume alisoma vifo hivyo kwa sauti nzito, macho yamemtoka, akisubiri ukumbi ushtuke. Ukumbi ulijibu ko, ko, ko.

Kila alipomaliza, wanawake hawakumnyima maoni. Mbele yao wote alikuwa Mama Ausi, mbanguaji mkongwe wa safu ya kwanza, mwanamke aliyepata kumrudisha kungwi wa unyago nyumbani kwake kwa kukosea wimbo.

"Mfaume mwanangu," alisema siku moja, kinyundo hakijatua. "Yule Chogo si ulimuua juzi kwa sumu? Leo amefikaje kunywa chai na jambazi?"

Mfaume alipekua karatasi zake. "Huyu ni Chogo mwingine, mama."

"Hewala. Na huyo Inspekta wako anapigwa risasi kila Ijumaa na hata shati halichaniki. Ana hirizi?"

"Ni hodari tu."

"Na Kitambi? Kwa nini anaua watu?"

"Kwa sababu ni mtu mbaya, mama."

"Ubaya si kazi," alisema Mama Ausi. "Hakuna anayeamka asubuhi, akanawa uso, akaaga nyumbani kwamba anakwenda kwenye ubaya."

Ukumbi uliangua kicheko. Mfaume alicheka nao, lakini alirudi tanurini amenuna, na siku ile korosho ziliungua.

Dawa aliyoijua yeye ilikuwa moja: kuongeza maiti. Kama mmoja hakuwatisha, basi wawili. Kama wawili hawatoshi, na litumbukie mtoni basi zima na abiria wake wote. Alilitumbukiza. Akainua macho. Mwanamke mmoja wa safu ya nyuma alipiga miayo huku anabangua.

Siku hiyohiyo redio ikarudi kutoka kwa fundi. Bi Fidea huyuhuyu mnayemjua, wakati ule msichana mwenye sauti ya filimbi, alikuwa ndiye msemaji wa wabanguaji. Alimfuata Mfaume tanurini.

"Kaka Mfaume, usinichukie," alisema. "Wenzangu wanataka taarabu zao. Wanasema hadithi yako ni kelele tu na kelele tunazo. Nimewaombea usome Ijumaa moja ya mwisho. Wasipoguswa, redio inawashwa."

Mfaume alirudi kuchochea tanuri. Kuondolewa juu ya kreti ile kulimuuma kuliko kuondolewa kazini, maana kazi angepata nyingine, lakini wapi tena angepata ukumbi?

Saa ya kutoka alimkuta Mama Ausi bombani akijiosha majivu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kugombana?"

"Nimekuja kuuliza. Nimeua basi zima, mama. Wewe hata hukuinua kichwa. Nifanye nini zaidi?"

Mama Ausi aliendelea kusugua vidole. "Abiria wale walikuwa wanakwenda wapi?"

"Walikuwa safarini tu."

"Nani alikuwa anawasubiri?"

Mfaume hakuwa amewawekea mtu wa kuwasubiri.

"Mimi naitwa nani?" aliuliza yule mama.

"Mama Ausi."

"Jina nililopewa na wazazi wangu unalijua?"

Mfaume alifikiri, akaona aibu. Alikuwa amefanya kazi naye miaka, wala hakulijua.

"Hulijui. Hakuna anayelijua hapa. Mnaniita Mama Ausi tangu nimemzaa Ausi. Ausi amelala pale mwembeni kwa babu zake tangu wewe bado unachunga mbuzi. Na kila asubuhi nikiingia hapa getini, mlinzi ananiambia, 'Habari za asubuhi, Mama Ausi.' Kila asubuhi, Mfaume. Mtoto nimemzika, jina lake ndilo ninalotembea nalo." Alifunga bomba. "Watu wako hawana mama. Ndiyo maana hawafi. Wanaanguka tu, kama magunia. Nani atishwe na gunia?"

Aliondoka akijifunga kanga, na Mfaume akabaki amesimama pale. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na huzuni, na chini ya huzuni alikuwa na hamu kubwa ya kuandika.

Wiki ile alichana mengi. Helikopta ilikwenda motoni, na Chogo wote wawili wakaifuata. Alibakiza maiti mmoja, mlinzi wa bohari aliyepigwa risasi na Kitambi kwenye sehemu ya kwanza, ambaye hakuwa amempa hata jina. Sasa alimpa. Alimwita Nalinga.

Ijumaa ilipofika, redio ilikuwa tayari mezani, imefunikwa kanga. Mfaume alipanda juu ya kreti, akasoma bila ile sauti nzito, maana aliisahau.

Alisoma kwamba Inspekta Radi alitumwa kupeleka habari kwao mlinzi. Alishuka stendi, na kwa kuwa hakujua nyumba, akauliza. Wakamwambia, "Aa, kwa Mama Nalinga! Yule mkaanga samaki. Fuata njia hii." Mbele akauliza tena. Mtoto mdogo akamshika mkono, akawa anakimbia mbele akiita, "Mama Nalinga! Mama Nalinga! Una mgeni!" Mwanamke akatoka jikoni na mwiko mkononi, uso umechangamka, akadhani mwanawe amemtuma mtu na salamu.

Safu ya mbele, vinyundo viwili vilikosa pigo.

Inspekta alivua kofia. Alitaka kumwita yule mama kwa jina kwanza, kama walivyofundishwa, lakini jina pekee alilolijua la yule mama ndilo lilikuwa la maiti. Akafungua kinywa, akashindwa. Akafungua tena. Majirani walikuwa bado wanaita kutoka uani kwao, "Mama Nalinga, mkaribishe mgeni!" Naye yule mama akasema, "Karibu baba. Nalinga hajambo?"

Mfaume alinyamaza ili avute pumzi, na hapo ndipo alipousikia ukumbi. Haukuwa na mlio wowote. Tangu kiwanda kijengwe hapakuwa na kimya kama kile wakati wa kazi. Vinyundo vilikuwa vimeshikwa hewani, wengine wamevilaza mapajani, na wanawake waliokuwa wakilipwa kwa kilo walikaa mikono mitupu wakimtazama mchomaji. Msimamizi alikuja mbio kutoka ofisini akidhani kuna mtu ameumia. Bi Fidea alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Mfaume hakumtazama yeye. Alimtazama Mama Ausi.

Mama Ausi alikuwa ameinamisha kichwa. Aliinua uso uliolowa, akasema, "Umekosea."

"Wapi, mama?"

"Huyo Inspekta amesimama. Habari ya msiba haitolewi kwa kusimama. Mkalishe."

"Nitamkalisha, mama."

"Na usimuue mwingine mpaka huyu tumlilie."

Aliokota kinyundo, akagonga korosho moja, na wengine wakafuata taratibu. Redio haikufunuliwa siku ile. Wakati wa chakula, mpishi alipotania kwamba mbona walishindwa kulilia basi zima, wakamlilia mlinzi mmoja, Mama Ausi alimjibu huku ananawa mikono: "Maiti asiye na mama hatishi." Neno likatoka kiwandani pamoja na vumbi la korosho, likaenda sokoni, likaenda misibani, hadi leo likamfikia mwenyekiti.

Hiyo ndiyo asili yake. Lakini kabla hamjaondoka, niambieni: asubuhi mnanunua vitumbua kwa nani? Kwa Mama Chande. Leo mlipokuwa mnacheka, alikuwa amekaa nyuma yenu, karibu na mlango. Na mnajua nyote Chande alitumbukia wapi. Yumo humo, kwenye hao "kadhaa". Kesho mkifika pale, msiseme "tupatie vya mia tano" mkakimbia. Mwamkieni kwanza, na jina lake mlitaje lote, polepole.

Maiti asiye na mama hatishi.