Zamu ya Kwanza ya Maji

Hapo zamani, wajukuu zangu, wala si zamani sana, mto wetu ulizibwa huko juu mlimani, likawa bwawa la kuwasha taa za mjini. Kibali cha bwawa kilikuwa cha miaka thelathini. Kilipokwisha, wakaja wakaguzi kuuliza: mto una hali gani?

Wenye bwawa wakajibu, "Mto huu kila kiangazi hukauka wenyewe. Ndiyo tabia yake."

Hapo akasimama mjane, Nakiete. Tangu usichana wake, kila kiangazi aliingia kivukoni na kamba, akafunga fundo pale maji yalipomfika. Akaikunjua. "Tazameni. Kabla ya bwawa, kiunoni. Baada yake, gotini. Mwaka huu, kisiginoni!"

Wakaguzi wakasema kamba ni kamba tu. Wakaelekea garini.

Nanzia mpishi akawawahi. "Mgeni haondoki kwetu na njaa!" Akatenga ugali na maharage, akaleta beseni la kunawa. Kavu. "Mashemeji, maji yako mtoni. Kanaweni huko."

Wakashuka. Wakatembea juu ya mawe makavu wakitafuta maji, wakapanda, wakapanda, mpaka kwenye ukuta wa bwawa. Pale wakamkuta Kajiru, mlinda lango la maji. Akasema, "Mto haukauki. Naufunga mimi, kwa mikono hii, kwa amri."

Siku ileile akafukuzwa kazi.

Kibali kikatolewa upya kwa sharti: kila kiangazi mto uachiwe maji kidogo. Yakaja, membamba. Kwa desturi yetu, aliyeleta maji mferejini ndiye humwagilia kwanza. Nayo yalitosha shamba moja tu kwa juma zima, na maharage ya Nakiete, ya Nanzia na ya Kajiru yalishaanza kunyauka.

"Bila kamba yangu wangejuaje?" akasema Nakiete.

"Kamba waliiona, wakaenda zao!" Nanzia akadakia. "Mimi ndiye niliyewatembeza."

"Mimi nimepoteza kazi," akasema Kajiru.

"Kazi ya kutufungia maji!" Nakiete akamcheka. "Miaka kumi na minane uko langoni, baba, maharage yetu ulikuwa huyaoni?"

"Nilikuwa nayaona, mama. Nilikuwa na watoto wa kulisha. Bado ninao, na sasa nina shamba hilo tu."

Mgawa maji wa kijiji kashika jembe la kufungulia mfereji, maji yanamlamba vidole vya miguu. Mimi mpaka leo sijaamua. Haya, ninyi jembe lingekuwa mkononi mwenu, mngemfungulia nani?