Mkunjo kwenye Gauni la Zuleha

Jamani, mimi si mmbea, ila hili nikikaa nalo peke yangu tumbo litaniuma. Lisomeni, kisha mtumieni kila mwenye harusi mwezi huu.

Palikuwa na bibi harusi, Zuleha. Gauni lake jeupe lilipigwa pasi asubuhi nzima na kungwi wake, Bi Mchanga, mwanamke wa kujisikia kidogo. Alasiri likaja gari la kuwapeleka ukumbini. Walishachelewa, na shangazi za bwana harusi walishaanza kunong'ona kwamba bibi harusi katoroka.

Dereva, Mzee Ngwali, akageuka nyuma. "Fungeni mikanda, mabibi."

"Mkanda juu ya gauni hili?" Bi Mchanga akaja juu. "Likunjike, nichekwe mimi? Washa gari!"

Mzee akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. "Basi tukae. Redio ipo."

"We mzee una wazimu! Harusi ikivunjika utamuoa wewe?"

"Ninao wawili nyumbani, Bi Mkubwa. Wananitosha."

Sasa, kwetu bibi harusi hasemi siku hiyo. Huinamisha uso, akamwachia kungwi maneno yote. Lakini simu kutoka ukumbini ilipolia mara ya tatu, Zuleha akafunua mtandio, akamgeukia kungwi wake.

"Somo, nisamehe. Nataka kufika, na nifike mzima."

Akajifunga mkanda mwenyewe. Kacha!

Bi Mchanga, kwa hasira, akauvuta wake begani akaushika kwa mkono tu, amdanganye mzee. Gari likaondoka.

Hawakufika mbali. Mkokoteni wa nazi ukachomoka kichochoroni, mzee akakanyaga breki. Zuleha akabaki kitini pake. Bi Mchanga alipaa, akatua magoti kati ya viti vya mbele, kilemba upande, nundu ya paji la uso kama limau.

"Karibu mbele," mzee akasema. "Umeumia?"

"Niulize kesho. Endesha!"

Zuleha akaingia ukumbini na mkunjo mrefu toka begani hadi kiunoni. Bi Mchanga akafumba macho, akingoja vicheko. Akasikia vigelegele, na wasichana wakiulizana: "Mtindo mpya huo! Nani kamshonea?"

Harusi mbili zilizofuata, mabibi harusi waliingia na mkunjo uleule, umepigwa pasi makusudi. Na aliyeshika pasi ni nani? Bi Mchanga!

Funzo: Uwe kwenye gari au kwenye ndege, funga mkanda, na uufunge kweli, si kuushika. Gauni likikunjika litapigwa pasi. Kichwa hakipigwi pasi.