Jina la Pili Katika Hati ya Kihamba

Sogezeni vigoda, niwape kesi iliyonishinda mimi mwenyewe.

Aikande, mjane wa Mzee Lyaro, alikuwa na kihamba, yaani shamba la ukoo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, migomba juu, kahawa chini, na mfereji wa maji ukikatisha katikati. Watoto wake walikuwa watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Manka, kifungua mimba, alijaliwa kumbukumbu: ukimwuliza mwaka wa njaa walikula nini, atakutajia mpaka rangi ya bakuli. Ndekirwa, mwanamume pekee, alijaliwa ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Aisia, kitinda mimba, alijaliwa mgongo na miguu. Mzigo wa majani ya ng'ombe uliowashinda wenzake, yeye aliupandisha mlima huku akiimba.

Wakakua, wakatawanyika. Manka aliolewa Singida, Ndekirwa akawa fundi cherehani Tanga, Aisia akabaki na mama. Mara nyingi Aikande alijikuta amemenya ndizi za watu watano, kisha akakumbuka kwamba wamebaki wawili. Hapo hukaa na kisu mkononi, akisikiliza kimya cha uani palipokuwa na kelele za wanawe.

Mwaka mmoja ofisi ya ardhi ikatangaza kwamba vihamba vyote viandikishwe. Ngilisho, mdogo wa marehemu, akawahi kudai kwamba sehemu yote iliyo chini ya mfereji ni yake. Masale, ile mimea ambayo Wachaga huipanda mpakani, yalikuwa yameng'olewa zamani, na hakuna aliyejua kwa mkono wa nani. Bi. Tunu, karani wa hati, alimweleza Aikande kwa upole kwamba pingamizi linapokewa hadi Ijumaa, nalo linataka mambo mawili: alama ya mpaka, na shahidi asiye wa ukoo, afike mwenyewe dirishani. Baada ya hapo kitakachoandikwa ndicho kitakachosimama.

Aikande akawaita wanawe.

Manka alimwacha mwanawe mgonjwa kwa mama mkwe, akapanda basi. Alipofika hakuingia hata ndani. Alishuka moja kwa moja kwenye kahawa, akasimama amefumba macho. Siku baba yao alipopanda yale masale, alikuwa amemweka begani, na kutoka pale juu mtoto aliona msalaba wa kanisa umekaa katikati ya miti miwili ya mgrevilea. Akaitafuta ile sehemu, akaenda huku, akarudi kule, mwishowe akasema, "Chimbeni hapa." Wakakuta mizizi ya sale, rangi ya chungwa, bado hai. Wakachimba mbele kidogo, wakakuta mingine, mpaka mstari mzima ukaonekana. Wapimaji wakaja, wakaushuhudia.

Alama ilipatikana, lakini shahidi je? Kati ya walioona masale yakipandwa, aliyebaki hai nje ya ukoo ni mmoja tu, jirani yao Mzee Kiwia, na huyo alikosana na Lyaro kwa ajili ya zamu za maji. Hakuja hata kumzika. Ndekirwa alikuwa ameapa kutompa salamu maisha yake yote. Sasa akakata jani la sale, akalifunga fundo, akaenda nalo, maana kwa Wachaga anayepelekewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Siku hiyo hakutumia maneno matamu.

"Mzee wangu," alisema, "baba alikosa, nawe ulikosa, nami nimekosa kwa kukupita njiani miaka yote hii. Nimekuja tuyamalize."

Mzee alilishika jani, akalipapasa fundo. Kisha akauliza kama ule mparachichi alioupanda pamoja na Lyaro bado unazaa. Ndekirwa akamwambia unazaa mpaka matawi yanavunjika. Mzee akafuta macho, akasema atakwenda.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua ikabeba daraja, na magari hayakuweza kupanda. Miguu ya Mzee Kiwia ilikuwa imevimba. Asubuhi hiyohiyo Aisia alitakiwa afike kwenye usaili wa chuo cha uuguzi, nafasi aliyoingoja tangu amalize shule. Alimfunga mzee mgongoni kwa kanga mbili, akateremka naye kwenye utelezi, akavuka mto maji yakiwa kifuani. Njia nzima mzee alimsimulia jinsi yeye na Lyaro walivyoteremsha kahawa kwa njia ileile, wakirudi na sukari na nyimbo. Walifika Bi. Tunu akifunga dirisha. Akalifungua tena. Mzee akaweka dole gumba, na mpaka ukaandikwa palipo na mizizi.

Kisha Bi. Tunu akamgeuzia Aikande karatasi. "Mama, hapa ni jina lako. Na hapa, atakayekishika kihamba baada yako. Waweza kuandika mmoja, au wote, kila mtu na kipande chake."

Lakini Lyaro alikuwa amemwusia mkewe kabla ya kufa: "Usikikate. Ugomvi wangu na Ngilisho ulianza siku baba alipokikata." Aikande akaomba apewe hadi Jumatatu.

Wazee wa ukoo walisema mila ni mtoto wa kiume, na kwamba wana wa Ndekirwa hawana pengine pa kuzikwa. Wanawake wa jirani walimnong'oneza kwamba ndoa ya Manka imechoka, na siku ikivunjika hana mlango wa kubisha. Tena kila mtu alijua chuo hakikumngoja Aisia.

Jumapili Aikande alikaa uani. Jikoni wanawe watatu walikuwa wakipika mtori, wakibishana ni nani aliyewahi kuunguza sufuria ya mama, wakicheka kama zamani. Hakuwa amesikia kicheko hicho tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akawaza kwamba kesho, akishaandika jina moja, huenda hatakisikia tena.

Bila Manka hakuna mpaka. Bila Ndekirwa hakuna shahidi. Bila Aisia, shahidi na mpaka vingebaki mlimani. Haya, ninyi mliokaa hapa, kalamu ya Aikande naiweka mikononi mwenu: mngeandika jina la nani?