Tai na Vyura wa Bondeni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Masikio yako wapi?"

"Yako hapa!"

Basi yategeni. Hapo zamani za kale, Tai aliangua kinda juu ya jabali la mlima. Kinda lilikuwa na siku nne tu, halina manyoya. Likikosa mbawa za mama hadi adhuhuri, baridi italiua.

Asubuhi moja Tai alishuka bondeni, kwenye bwawa lenye vyura waliao kutwa, akavua samaki. Huku nyuma wingu zito likajilaza kiunoni mwa mlima, likaziba njia ya kurudi.

Kandokando ya wingu akawakuta korongo. Korongo wana desturi yao. Wakiingia winguni, kiongozi wao, Mama Korongo, huuliza, "Vyura wako wapi?" Wote huitika, "Wako chini!" Huuliza na kuitika, mpaka watoke.

Tai akacheka. "Mama Korongo, kelele zote hizi za nini? Mimi humwona panya nikiwa huko juu!"

"Na ndani ya wingu humwona nani?"

"Kaeni na vyura wenu. Mwanangu ananingoja."

"Haya, Bibi Macho. Nenda salama."

Pruuu! Tai akaingia. Mbele, weupe. Kulia, weupe. Chini, weupe. Akapiga mbawa, pa, pa, pa. Mwili ukamwambia: umenyooka. Akauamini. Upepo ukazidi masikioni, vuuu, vuuu. Mara akasikia: Krooo! Krooo! Juu ya kichwa chake.

"Ajabu! Vyura wamepanda mbinguni?"

Mama Korongo, aliyeingia winguni nyuma yake na kundi lake, akamsikia. "Bibi Macho! Vyura hawana mbawa! Wewe ndiye uliyepinduka! Fumba macho, wasikilize!"

Mwili ukakataa: nimenyooka, nimenyooka! Tai akalikumbuka kinda lake. Akafumba macho. Akajigeuza polepole. Krooo, ubavuni. Krooo, chini ya tumbo. Akafumbua. Lo! Ncha za matete zilikuwa zinamgusa samaki makuchani.

Akapaa mbio. Akauliza, "Vyura wako wapi?"

Korongo kumi na saba wakaitika, "Wako chini!"

Wakapanda naye, wakiitikiana, hadi wakatokea juani. Kinda lilikuwa linatetemeka, lakini mdomo wazi. Tai akalifunika, akalilisha.

"Mama, leo umekuja na kelele."

"Na kesho nitakuja nazo, mwanangu."

Jicho kali si kosa. Kosa ni kuliamini pale lisipoona, ukamcheka anayekuitia njia.

Hadithi yangu imetua hapo. Mwenye mbawa aichukue, aruke nayo.