Kiboko Alivyoonja Pombe Yake

Niwape au nisiwape?

— Tupe!

Ya jana au ya kale?

— Ya kale isiyozeeka!

Basi kaeni vizuri. Atakayekasirika kabla sijamaliza asinilaumu. Mimi mwenyewe nina hasira tangu nilipoikumbuka.

Hapo kale Kiboko alikuwa na shamba la mtama kando ya mto. Shamba lilikuwa kubwa na Kiboko hakulilima. Walilima Ngiri, Kima, Nungunungu na Pimbi, tangu alfajiri hadi saa kumi. Saa kumi Kiboko aliwapanga mstari akawapa malipo yao: kata ya pombe kwa kila mmoja.

Sikilizeni mpango huo. Walipanda mtama. Mtama ukawa pombe. Pombe ikawa malipo ya kupanda mtama. Miaka yote hiyo, hakuna mtoto wa mlimaji hata mmoja aliyekunywa uji wa mtama ule. Mlimaji akiuliza, Kiboko alimjibu kwamba pombe ni chakula, tena chakula kisichosumbua meno.

Kiboko mwenyewe hakunywa.

— Hakunywa?

Hata tone. Alikunywa maji ya mto. Alijua anachowapa wenzake.

Katika walimaji wote Pimbi alikuwa mdogo, na ndiye aliyekunywa kuwazidi wote. Mkewe alivumilia. Siku moja akamkuta amelala juani juu ya jabali, watoto wamemzunguka wanamfukuzia nzi. Hakuvumilia tena. Akawachukua watoto akaenda kwao ng'ambo ya mto. Alisema atarudi siku ya kumi amnuse mdomo. Akikosa harufu ya pombe, atabaki. Akiisikia, Pimbi asimtafute tena maisha yake yote.

Siku ya kwanza Pimbi alitetemeka. Bibi Kwale, jirani yake, alikaa naye na kibuyu cha maji mpaka mtetemeko ukapungua. Kisha akamwuliza amekula nini jana. Hakuwa amekula. Na juzi? Hakukumbuka.

"Mume wangu," Bibi Kwale akamwambia, kwa utani wa bibi na mjukuu, "utapigana na Kiboko na njaa tumboni? Kula kwanza. Na saa kumi ikifika usikae chini ukaingojea. Panda jabali."

Pimbi akafanya hivyo. Asubuhi uji wa ulezi. Mchana maharage na mchicha. Ndizi moja akaiweka kando kwa ajili ya saa kumi.

Saa kumi kiu ikaja. Pimbi akala ndizi. Kiu haikuondoka. Pimbi akapanda jabali, tipu tipu tipu. Alipofika juu anahema, kiu ilikuwa imebaki chini.

Kesho yake saa kumi kiu ikaja. Pimbi akala ndizi. Kiu haikuondoka. Pimbi akapanda jabali, tipu tipu tipu, akashuka, akapanda tena.

Siku ya tano alipanda mara tatu. Siku ya sita alilia kwanza, ndipo akapanda.

Siku ya saba Ngiri na Kima waliona miguu yake imekaza, wakamwuliza anakula nini. Habari hiyo ikamfikia Kiboko, naye akaudhika. Mlimaji mmoja kuacha pombe ni hasara ndogo. Watatu wakiacha, watataka mtama. Siku ya tisa Kiboko alizunguka kibanda kwa kibanda tangu asubuhi, akiwaambia walimaji kwamba Pimbi ameingiwa na wazimu. Hakupata hata nafasi ya kula. Saa kumi ikamkuta chini ya jabali la Pimbi, na chungu cha pombe begani.

"Mpwa wangu," akaita, "nasikia unaumwa. Nimekuletea dawa."

Pimbi akajibu kwamba haumwi. Kiboko akacheka. Akasema mwanamume anayekula mchicha na kukimbiakimbia juu ya mawe hahitaji kupimwa, ugonjwa wake unaonekana.

Harufu ya pombe ikapanda. Mate yakamjaa Pimbi mdomoni. Alijua akishuka amekwisha. Akala ndizi yake taratibu, akifikiri.

"Mjomba, mimi nakunywea nyumbani kwangu, huku juu. Lete."

Kiboko akapanda. Gubu, akahema. Gubu, akahema. Jua lilimpiga mgongoni na chungu kilimlemea. Ngiri na Kima wakamfuata nyuma kutazama. Alipofika alikuwa ametoa ulimi nje. Pimbi alikuwa ameingia pangoni mwake. Kiboko akaketi mlangoni, akauziba mlango wote, akaapa hatoki pale mpaka chungu kikauke.

"Hakuna neno," Pimbi akasema kutoka ndani. "Tufuate desturi tu. Mwenye pombe huonja kwanza, ili anayekaribishwa aone haina kitu."

Kiboko akasita. Akageuka akawaona Ngiri na Kima wanamtazama. Angekataa, wangeuliza pombe ile ina nini. Akainua chungu.

Gudu.

Uso ukamkunjamana.

"Hiyo ni ya juu, mjomba. Anayetaka kunidhuru ataweka kitu chake katikati."

Gudu gudu.

Safari hii uso haukukunjamana.

"Na ya chini..." Pimbi hakumaliza.

Gudu gudu gudu.

"Ngoja kwanza, mpwa," Kiboko akasema. "Sijaionja sawasawa."

Gudu gudu gudu gudu.

Pimbi aliusikia mlio ule wa koo akautambua. Ulikuwa mlio wake mwenyewe wa siku tisa zilizopita. Alimhurumia Kiboko kidogo. Hakumzuia.

Chungu kikakauka. Kiboko, aliyeshinda na njaa, akaimba. Akalia. Akamwita Ngiri mama. Kisha akaanguka palepale mlangoni, tii! Akaanza kukoroma.

Pimbi alikuwa amefungiwa ndani, na pombe inanuka kila upande. Kiu ikaja. Hakuwa na ndizi nyingine. Hakuwa na jabali la kupanda. Akarukaruka palepale, tipu tipu tipu, mpaka akachoka akalala.

Siku ya kumi asubuhi mkewe akaja na watoto. Harufu ilimpokea njiani. Alipofika akakiona chungu. Akasimama, akawashika watoto mikono, akageuka.

"Mama Kijoti," Pimbi akaita kutoka nyuma ya tumbo la Kiboko, "ulisema utaninusa. Ninuse kwanza, ndipo uende."

Mkewe akarudi. Akapenyeza pua kati ya tumbo la Kiboko na jiwe la mlango. Akanusa mara moja. Akanusa tena.

"Maharage," akasema.

"Ya jana mchana."

"Alipika nani? Wewe hujui kupika."

"Nimejifunza."

Mkewe akanusa mara ya tatu, kisha akatua mzigo wake chini.

"Sasa nitapita wapi?"

Hakungoja jibu. Akawaambia watoto wasukume, naye akasukuma, na Pimbi akasukuma kutoka ndani. Kiboko akabingirika jabalini, gubu gubu gubu gubu, mpaka mtoni. Chubwi!

Na fundisho? Fundisho ni hili, mlishike vizuri. Jihadharini na maharage. Pimbi alikula maharage akakimbia vilimani, na tazameni uharibifu: shamba zima limeota magugu, mheshimiwa anaumwa kichwa, na walimaji wameanza kudai mtama. Kwa hiyo, jamaa zangu, msile, msitembee, kunyweni mnachopewa na mseme asante. Mkinibishia, waulizeni wenye mashamba.

— Tumesikia!

Mmesikia, lakini sidhani kama mtatii. Ngano yangu imefika ilipokuwa ikienda, imekaa. Anayeitaka aibebe.